Fremu Ni Fremu

Zainabu alinipigia simu wiki moja baada ya arubaini ya baba yake. "Dada Mwanamisi, duka tunalifunga. Njoo uangalie kama kuna kitu chako." Nilimjibu kwamba sina changu mle, vyangu vyote nilitoka navyo zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na havikujaza hata mkoba. Akasema, "Kipo kimoja. Baba alikataa kisiuzwe." Basi Jumamosi nikaenda Ukunda. Duka la baba yake, Mjomba Salim, lilikuwa vile vile, ila limepungua: viti vya hoteli vyenye namba chini ya makalio, kabati lisilo mlango, magodoro yaliyosimamishwa ukutani, na ile harufu ya vumbi na mbao kuu kuu niliyoizoea mpaka nikawa siisikii. Juu ya kiti alichokuwa akikalia Mjomba palikuwa pangali pametundikwa fremu pana ya mvule. Kioo kilikuwa kizima, na nyuma ya kioo hapakuwa na picha, ila ubao wa kahawia mtupu. Zainabu akaniuliza kwa nini mzee aliweka fremu tupu miaka yote hiyo na wateja wakiitaka. Zamani ndani ya fremu ile nilikuwamo mimi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Jinsi nilivyoolewa si muhimu. Palipigwa tarumbeta, watu walikula pilau, na miezi minane baadaye mume wangu Rashidi akapata kazi Uarabuni. Alipiga simu mara mbili. Ya tatu tulipompigia sisi, namba ilikuwa haipatikani, na haikupatikana tena. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa tatu tangu aondoke. Nilikuwa nimekwenda kwetu mara mbili na mara mbili nikarudishwa, nikiambiwa kwamba neno la kuniacha analo mume, na mume hayupo, basi nisubiri. Kwetu pwani mwanamke wa namna hiyo ana jina lake. Husemwa katundikwa. Si mke, si mjane, si mtalaka. Nililisikia neno hilo kisimani, nikalisikia harusini, na wanaolisema hawakuwa na ubaya, walikuwa wanaeleza tu, kama mtu anavyosema fulani ana kigugumizi. Mimi nilikuwa naungua.

Nilikaa Kinondo nyumbani kwa mavyaa wangu, mama yake Rashidi, ambaye nilimwita mama kama inavyopasa. Chumba changu kilikuwa cha katikati, kina kitanda cha kamba, sanduku, na kidirisha kilichofungukia ukuta wa jirani. Nikitaka kutoka huomba ruhusa, nikirudi huulizwa nimekutana na nani. Hakunipiga wala hakunitukana, na hilo ndilo lililonifunga zaidi, maana mtu hana la kushtakia. Kila Ijumaa tulipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kabla hatujala mavyaa alipakua sahani ya Rashidi, kipande cha mkia alichokipenda juu yake, akaifunika kwa kawa na kuiweka mezani. Haikuguswa. Jumamosi asubuhi aliniambia, "Kula wewe, isije ikaharibika." Hivyo kwa miaka mitatu nilikula kiporo cha mwanamume asiyekuwapo.

Mahali pekee niliporuhusiwa kwenda ni dukani kwa Mjomba Salim, kwa sababu alikuwa ndugu wa mavyaa, tumbo moja, na jicho lake lilihesabiwa kuwa jicho la nyumbani. Wakati huo hoteli za Diani zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine, na Wazungu wazee wakiuza nyumba zao za ufukweni, na vitu vyao viliishia kwake. Mjomba alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye masihara, na tangu siku ya harusi alikuwa akiniita bibi arusi. Mwaka wa tatu huo alikuwa hajaacha. Picha za ukutani hakuwa akizitazama. Alipima fremu kwa shibiri, akagonga mbao kusikia kama zimeliwa na wadudu, akataja bei. "Fremu ni fremu, bibi arusi. Picha kila mtu ana yake." Na kweli waliokuja kununua walitaka kuweka picha ya Makka, au ya mtoto aliyehitimu, au ya harusi. Ili waone jinsi picha inavyopendeza ndani ya fremu nzuri, Mjomba alichagua iliyo bora kuliko zote, akatia picha ya harusi yangu na Rashidi, akaitundika juu ya kiti chake. Nilikaa chini yake mwaka mzima nikifuta vioo. Wateja walitazama juu, wakanitazama mimi, wakasema, "Kumbe ni wewe." Nikasema ndiyo.

Kazi yangu ilikuwa kuzitoa picha za zamani. Unalaza fremu kifudifudi, unang'oa misumari midogo kwa koleo, unainua ubao wa nyuma, unatoa picha, unaosha kioo kwa siki na gazeti. Picha zilizotolewa zilifungiwa vyombo. Mwanzoni sikuzijali: simba, twiga, machweo, ndizi na mananasi. Kisha palikuwa na mteja mmoja wa bara, Njeri, aliyekuwa akinunua samani kuu kuu za kupamba nyumba za wageni, akanikuta nikifungia glasi kwa picha moja akanishika mkono. "Ngoja kwanza, msee. Hii si ya mashine, hii ni ya mkono. Pitisha kidole hapa." Nikapitisha. Rangi ilikuwa na matuta. Akanionyesha kwamba ya mashine ukiitazama kwa kioo cha kukuzia imejaa vidoa, ya mkono haina. Aliinunua ile, akaondoka, nami kuanzia siku hiyo sikutoa picha bila kuigusa. Nilitazama pembe, nikatazama nyuma, nikasoma maandishi ya penseli. Nilikuwa na mahali pangu sasa, japo ni upande wa nyuma wa picha za watu.

Miezi miwili hivi baadaye nilifungua fremu ya mvule iliyotoka hoteli mojawapo, yenye mananasi ya mashine, na nilipouinua ule ubao wa nyuma nikaona rangi upande wa ndani. Ubao ulikuwa umechorwa, na uso wake ulikuwa umelazwa juu ya mgongo wa mananasi. Ulichorwa chumba. Kitanda cha kamba, dirisha la nondo, ukuta wa chokaa uliobabuka, na kwenye ukuta msumari mmoja, na kwenye msumari leso nyekundu iliyotundikwa. Hapakuwa na mtu. Pembeni paliandikwa M.A., Msa., na namba 2. Niliketi sakafuni. Sikuwa najua lolote kuhusu uchoraji, na hata leo sijui mengi, lakini chumba kile nilikijua. Nilikuwa nimelala ndani yake usiku uliopita.

Namba 2 ina maana kuna namba 1. Nikaanza kufungua fremu zote za mvule zilizotoka hoteli ile, hata ambazo hazikuwa na mteja, na Mjomba akanitania kwamba nimekuwa mwizi wa misumari. Nyuma ya simba nikaipata namba 1: chumba kile kile, msumari ule ule, na juu yake kanzu ya kiume, nyeupe, imeingia vumbi mabegani. Nyuma ya picha ya mashua nikaipata namba 3. Safari hii msumarini palikuwa na buibui jeusi, vazi la kike la kutokea. Hiyo ndiyo iliyoninyima raha, kwa sababu buibui likiwa msumarini mwenyewe yumo ndani. Yuko wapi basi? Amekaa upande gani wa chumba hata haonekani? Nilizificha zote tatu katikati ya magodoro, na kila nilipobaki peke yangu nikazitoa. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama mwanamke yule aliwahi kutoka.

Mjomba nilipomwonyesha ile saini tu alisema Msa ni Mombasa, hakuna haja ya kuuliza. Kila stakabadhi ya mzigo imeandikwa hivyo. Njeri naye alisema hivyo hivyo. Alizipiga picha kwa kamera yake akaahidi kuwauliza wachoraji wa Mombasa, na aliporudi akasema, "Nimeulizia kila mahali, hakuna anayemjua. Labda alihama." Hapo nikaacha kutafuta kwa muda. Mombasa kwangu ilikuwa sawa na Uarabuni, mji wa ng'ambo ya feri ambao nisingeruhusiwa kuukanyaga peke yangu.

Wakati huo huo nilisikia maneno ambayo sikutakiwa kuyasikia. Ilikuwa alasiri, nipo jikoni nakuna nazi, na mavyaa yuko uani na jirani yake. Jirani alimwambia, "Huyu mtoto wa watu ungemwachia tu, dada. Anakauka." Nikaacha kukuna ili nisikie. Mavyaa akasema, "Akiondoka huyu, Rashidi hana pa kurudi. Nani ataniuliza habari zake tena? Nitajuaje kuwa nina mwana?" Niliendelea kukuna mpaka nikajikuna kidole. Ningeweza kumchukia vizuri kama nisingesikia maneno yale. Sasa nilijua kwamba mimi ndiye msumari wake, na kwamba hataniachia kwa hiari hata siku moja.

Aliyenifungua macho ni mchukuzi mmoja wa Kikoneni, Nassoro, aliyeleta magodoro kwa mkokoteni. Aliinua godoro, picha namba 2 ikaanguka miguuni pake. Akaisoma. "Hii ya wapi, ya Msambweni?" Nikamwambia Msa ni Mombasa. Akacheka. "Kwenu nyinyi watu wa duka. Sisi tunaojaza korosho, gunia la Kikoneni huandikwa Kik, la Msambweni huandikwa Msa. Ukiandika Mombasa kwenye gunia utakuwa wazimu, maana yote yanakwenda Mombasa." Muda wote huo nilikuwa nimeangalia ng'ambo ya feri, na mchoraji alikuwa upande wetu, barabara moja na sisi.

Msambweni pia nisingeruhusiwa. Lakini matanga hayakatazwi, na haukupita mwezi akafiwa binamu yake mavyaa huko huko. Tulikwenda pamoja. Wanaume walikuwa kwenye hitima, sisi wanawake tukiosha masinia nyuma ya nyumba, nami nikamuuliza dada mmoja, kama mtu anayepoteza wakati, kama kuna mtu wa hapa anayechora. Akasema, "Bi Mwanaidi Abdalla? Huyo wa nyumba ya tatu, anayetia rangi ukili wa mikeka? Zamani alikuwa akichora mbao. Ukuta tu, kila siku ukuta." Nikafuta mikono, nikasema nakwenda msalani.

Nilipiga hodi, sauti ikasema karibu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Umetoka matangani, wanukia pilau." Alikuwa mwanamke mwembamba, vidole vimeingia rangi ya zambarau, amekaa mkekani katikati ya chumba nilichokijua kuliko changu. Kitanda kilikuwa pale. Nondo za dirisha zilikuwa pale. Sikuweza kusema nilichojia. "Waangalia nini?" akaniuliza. Nikasema, "Msumari." Alinitazama, akaweka chini ukili wake. "Na wewe ni wa mwaka wa ngapi?" Sikuwa nimemwambia chochote. Nikasema wa tatu, na machozi yakanitoka, nikaona haya mbele ya mtu nisiyemjua.

Aliniambia alitundikwa miaka tisa. Kanzu ya mumewe aliiacha msumarini ili mwenyewe akirudi aikute. Alianza kuchora kwa sababu hakuwa na la kutazama jingine, na kaka yake Athumani, aliyekuwa seremala wa hoteli huko Diani, alimletea mbao na rangi. "Kila nilipomaliza alizichukua. Akirudi aliniambia wageni wamezipenda, zimetundikwa kwenye ukumbi mkubwa. Amekufa hajanipeleka kuziona. Wewe umeziona? Palikuwa na mwanga?" Nilijua zilikuwa wapi: nyuma ya mananasi, nyuma ya simba, nyuma ya mashua, uso kwenye giza. Bila shaka hoteli ilizikataa, naye Athumani hakuwa na moyo wa kumwambia dada yake, wala moyo wa kuzitupa, akazifanya mbao za nyuma za fremu. "Zilitundikwa, bibi," nikasema. "Kwenye fremu za mvule. Hoteli imefungwa sasa, ziko kwangu, tatu." "Zilikuwa nne," akasema. Nikauliza ya nne ina nini. "Haina kitu. Msumari tu. Siku ile buibui nilikuwa nimelivaa, nimekwenda kwa Kadhi. Nawe walikwambia neno ni la mume peke yake? Na mimi waliniambia. Kadhi naye ana neno, mwanangu, mume akipotea na hahudumii. Atakuuliza shahidi. Mimi alinisemea wifi yangu, dada wa mume, na upande wao ukisema hakuna wa kubisha. Wewe upande wao una nani?" Nje nilisikia sauti ya mavyaa ikiniita kichochoroni. Nikambusu mkono nikatoka mbio.

Nilikuwa na mmoja tu, Mjomba. Nilimwambia nikiwa nafuta kioo, bila kumtazama, naye anakunywa kahawa na kashata yake. Nilisema nataka kwenda kwa Kadhi na nataka yeye aseme anachokijua. Mjomba Salim akatazama juu, kwenye picha yetu. "Ni dada yangu tumbo moja," akasema. Nikasema najua. "Na Rashidi nilimshika mimi siku ya kutahiriwa." Nikasema najua. Akachukua fremu iliyokuwa karibu akaipima kwa shibiri, akaipima tena, akaipima mara ya tatu. Kisha akasema, "Kesho usije kazini." Nikaelewa kwamba nimefukuzwa na kwamba mahali pangu pekee pamefungwa. Usiku ule sikumbuki nilikula nini. Asubuhi mtu akapiga hodi Kinondo, naye ni Mjomba, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya sikukuu. "Dada, namchukua Mwanamisi twende Kwale." Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja kwa jina. Mavyaa akauliza Kwale kuna nini. "Kuna Kadhi," akajibu, na akabaki amesimama hapo hapo mlangoni, bila masihara hata kidogo, mpaka nilipotoka na buibui langu.

Tulikwenda mara tatu. Mara ya tatu mavyaa alikuwapo, akasema mbele ya Kadhi kwamba mwanawe hajamwacha mke wake na njaa, kwamba kila Ijumaa kuna sahani. Kadhi, mtu mzima wa sauti ya chini, akauliza sahani hiyo huleta nani. Mjomba akasema, "Nazi ni yangu, sheikh. Samaki ni wangu. Mchele ni wangu. Rashidi hata chumvi hajaleta." Aliyasema akitazama miguu yake, na nilimsikia mavyaa akivuta pumzi kama mtu aliyechomwa mwiba. Niliachishwa siku hiyo. Furaha ilikuwapo, sitadanganya, lakini ilikuja imeshikana mkono na aibu, na mpaka leo sijaweza kuzitenganisha. Mavyaa hakusema tena na ndugu yake mpaka anakufa. Jirani aliniambia sahani ya Ijumaa aliendelea kuipakua, na Jumamosi akaila mwenyewe. Rashidi hajarudi hata leo.

Eda ilipokwisha nilimpelekea Bi Mwanaidi picha zake tatu. Alizipanga kitandani, akapitisha kidole juu ya rangi, akakuta vipande vya karatasi vimegandia, mgongo wa mananasi na wa simba. Mchoraji anaijua rangi iliyolala kifudifudi. Nikangoja kusutwa. "Athumani alikuwa na moyo mzuri," akasema. "Na wewe pia." Ya nne niliitafuta katika kila fremu ya duka kabla sijahama kwenda Waa kuanza maisha mengine, sikuipata. Alipofariki, tatu zile ziliachwa kwa jina langu.

Siku niliyorudi dukani kuaga, Mjomba alipanda kiti, akaishusha picha ya harusi, akang'oa misumari kwa koleo na kunipa picha yangu mkononi. Fremu akairudisha ukutani. Nilidhani ni uvivu. Haya yote nilimweleza Zainabu Jumamosi ile, tumekaa kwenye magodoro, na nilipomaliza akapanda kiti kile kile akaitoa fremu akaniletea. Ilikuwa nzito. Niliigeuza nifute vumbi, kwa mazoea ya mkono, na chini ya kitambaa ikatoka rangi. Chumba, kitanda, dirisha la nondo, na msumari usio na kitu. Nyuma palikuwa pamechorwa. Mjomba, alipotia picha ya harusi yetu miaka ile, aliona rangi upande wa ndani akaugeuza ubao, ili usitutie doa sisi wawili. Hakutazama ni nini. Au alitazama baadaye, siku alipokuwa na koleo mkononi. Zainabu hajui, nami sina wa kumuuliza. Nilikuwa nimekaa chini yake mwaka mzima, nikaitafuta duka zima, na nisingeweza kuipata bila kujishusha mwenyewe kwanza.

Nimekwisha kuifungua na kuufuta ubao. Watoto wangu wameniuliza mara mbili waigongomee ukutani wapi. Sijaitundika. Iko juu ya kabati, imeegemea, uso nje.